Punje Mlangoni kwa Bi Verlyn

Mimi si sukuya. Naanza na hilo kwa sababu tangu Agosti kila anayenikuta njiani hunikagua kwanza, ndipo anakumbuka kuniamkia.

Jina langu Eudoxie Baptiste. Nina miaka themanini na mitatu, na hapa kijijini Fond Palmiste, kuanzia padri hadi mlevi wa dukani, wote huniita Tanti Doxie. Kwa miaka hamsini ni mimi niliyewaogesha na kuwakanda watoto wachanga wa kilima hiki. Mama akijifungua hatoki nje siku nane. Siku ya tisa naja mimi na beseni langu, majani ya mchungwa, mafuta ya nazi na kungumanga. Namwogesha mtoto, namnyoosha viungo, kisha mama yake anamtoa nje aone jua. Hakuna mtu wa hapa aliye chini ya miaka hamsini ambaye sijawahi kumpaka mafuta makalioni. Kumbe makalio hayana kumbukumbu.

Sukuya mnamjua, na kama hammjui basi bibi zenu waliwahurumia. Ni kikongwe anayejifungia ndani jua likitua, akavua ngozi yake kama mtu anavyovua gauni, akaikunja na kuificha ndani ya kinu. Kisha anageuka mpira wa moto, anaruka kwenda kunyonya damu ya watu waliolala. Aliyenyonywa huamka na alama ya buluu mwilini. Ukimshuku, unamwaga mchele mlangoni, kwani hawezi kupita mpaka aokote na kuhesabu punje zote, moja moja, na kukipambazuka unamkuta bado ameinama. Hadithi hiyo hakuna anayeijua kama mimi, na kosa langu lilikuwa kuisimulia mbele ya mwalimu mwenye daftari.

Rennick Lezama ni mwalimu wa shule yetu, na ni mshairi. Alipokuwa mdogo mama yake alifanya kazi mjini, kwa hiyo yeye alishinda jikoni kwangu akinywa chai ya kakao niliyotwanga mwenyewe. Mwaka huu akarudi, mtu mzima wa miaka thelathini, daftari kwapani.

"Tanti, nisimulie tena ile ya sukuya."

"We na midevu yako hiyo, bado unataka hadithi za kutishia watoto?"

"Nataka kuzihifadhi, Tanti. Nyinyi mkiondoka zitapotea."

"Mimi naondoka kwenda wapi? Kunywa chai hiyo, inapoa."

Nikamsimulia. Jumamosi tatu mfululizo nilisimulia huku natwanga kakao iliyokaangwa, naye anaandika. Mara aniulize kinu hiki nilikipata wapi, mara aniulize kwa nini nyumba yangu imejitenga. Nilijibu yote kama mjinga. Kinu nilikirithi kwa mama. Nyumba haikujitenga yenyewe. Majirani walihamia mjini mmoja mmoja, nyumba zao zikaanguka, yangu ikabaki ya mwisho juu kilimani.

Agosti likafika shindano la mashairi la redio. Ramdeo mwenye duka aliweka redio juu ya meza, benchi likajaa watu. Mimi nilivaa gauni la kanisani, kwa sababu kijana niliyemlisha alikuwa anasomwa kisiwa kizima. Nilikaa mbele kabisa. Rennick akakohoa kidogo kule redioni, akaanza:

*Bibi wa nyumba ya mwisho, ngozi avua jioni,*
*Kwa tambiko na vitisho, akaificha kinuni,*
*Damu ndiyo yake lisho, ya watoto vitandani,*
*Mwaga punje mlangoni, ahesabu hadi kuche.*

Ni ubeti mzuri. Hilo silikatai, na ndilo linaloniuma zaidi. Shairi baya lingekufa siku ile ile, watu wakanywa soda zao wakaenda kulala. Hili lilipata zawadi ya kwanza. Ubeti wa pili ulikuwa na mguu wangu wa kushoto, ninaouburuta tangu nilipoanguka kwenye sakafu ya kuanikia kakao. Ubeti wa tatu ulikuwa na kitambaa changu cha kichwa, chekundu chenye madoa meupe. Nilikuwa nimekifunga kichwani wakati ule ule, nimekaa benchi la mbele, na niliposikia vile nikaona aibu kukigusa.

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka puani. Halafu benchi likaanza kupungua, kila mtu kakumbuka ana kuku wa kufungia.

Tangu siku hiyo watoto wa shule wakawa wanaliimba. Wakiniona nakuja wanasimama upande wa pili wa barabara na kuanza, "Mwaga punje mlangoni!" halafu wanatimua mbio. Watoto niliowakanda mimi! Nilienda dukani kununua chumvi, na chumvi ndiyo inayomchoma sukuya ngozi yake, basi wanawake wawili wakaacha kuchagua vitunguu ili wanitazame nitaishikaje. Nikaipasua pakiti pale pale kaunta, nikalamba.

"Tanti, utapata presha," Ramdeo akasema.

"Presha ninayo tayari, mmenipa nyinyi."

Nikamfuata Rennick shuleni wakati wa mapumziko. Alikuwa ameketi anasahihisha madaftari, akasimama haraka aliponiona. Adabu anayo, hilo nalo lazima niliseme.

"Rennick, hapa kijijini nyumba ya mwisho ni ya nani?"

"Tanti, lile ni shairi tu. Yule si wewe. Yule ni upweke wa wazee wote. Nilitaka watu wamwonee huruma."

"Wamwonee huruma anayenyonya damu ya watoto?"

"Ni mfano, Tanti."

"Mfano gani wenye kinu changu? Wenye mguu wangu? Na kitambaa changu kilifuata nini humo?"

Akashika kichwa. "Kinu chako ni kizuri mno. Kilinijia tu wakati naandika."

"Hakikukujia! Ulikikuta jikoni kwangu, umekalia kigoda changu, unakunywa kakao yangu. Sasa rudi redioni ukaseme bibi yule si mimi."

"Shairi halielezwi, Tanti. Ukilieleza linakufa."

"Basi na life! Life shairi au nife mimi?"

Kengele ikalia, akaniaga kwa heshima zote, akaenda kufundisha. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuandiki kwanza.

Yote hayo ningeyavumilia. Nimeishi muda mrefu na nimesemwa mengi, mengine ya kweli. Lakini mwezi wa kumi mjukuu wangu Marisel alijifungua.

Marisel nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alikwenda Brooklyn kutunza wazee wa watu, akaniachia mtoto wa miaka miwili. Sasa ameolewa na Jevon, na wanaishi kule chini karibu na barabara kuu, nyumbani kwa mama yake Jevon, Bi Verlyn. Mtoto ni wa kike, wamemwita Solange. Nilitaka kitu kimoja tu: siku ya tisa nimshike Solange na kumwogesha kama nilivyowaogesha wengine wote. Vidole vyangu navijua, vimeanza kukakamaa, na mwakani havitaweza kumshika mtoto anayeteleza kwa mafuta. Huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho wangu.

Siku ya sita Jevon akapanda kilima. Hakuingia. Alisimama nje ya geti langu anaukwaruza mti wa geti kwa kucha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona hukaribii? Geti halina moto."

"Mama anasema... anasema pengine upumzike kwanza. Mtoto ana alama. Hapa kiunoni, kwa nyuma. Ya buluu."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikidhani ananitania. "Jevon, lile ni baka. Watoto wetu karibu wote huzaliwa nalo. Wakifika miaka minne, mitano, limekwisha."

"Najua, Bibi. Ila Mama anasema lilitokea usiku. Na anasema lisemwalo lipo."

"Limesemwa na nani? Na redio?"

Akaangalia viatu vyake. Nikamwambia amwambie mama yake kwamba siku ya tisa ni Jumapili, nami nitakuja baada ya misa kama desturi inavyotaka, na maji yawe ya uvuguvugu.

Jumapili nikashuka. Beseni kichwani, mafuta na majani ndani ya kikapu, mguu wangu unachora mstari wake barabarani. Sikufunga kitambaa kingine. Nilifunga kile kile chekundu. Watu walikuwa wanatoka kanisani, na badala ya kwenda makwao nikawasikia wananifuata nyuma polepole. Ramdeo naye, ambaye si wa kanisa letu na Jumapili hufungua duka mapema, alikuwa amesimama kwenye ua wa Verlyn kama mtu aliyealikwa.

Nikafika getini, nikaona mchele.

Si kiganja kimoja cha kishirikina, ambacho mtu anaweza kukiruka akajifanya hakukiona. Ni mfuko mzima. Njia ya kutoka getini, ngazi tatu, baraza yote, mpaka kizingiti cha mlango, kweupe. Verlyn kasimama mlangoni, mikono kiunoni, na nyuma yake nikamwona Marisel kwenye kiti, macho mekundu, Solange kifuani, na Jevon kando yake.

"Habari za asubuhi, Tanti Doxie," Verlyn akasema. "Karibu. Pita."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu husimulia vibaya.

Nilipokuwa msichana, wakati wa vita, meli za mchele ziliacha kuja kisiwani. Tulikula muhogo na ndizi mpaka matumbo yakatuchukia. Siku mama alipopata kikombe kimoja cha mchele, mdogo wangu Theo alijikwaa nacho, ukamwagika kwenye vumbi. Mama hakumpiga. Alitupigisha magoti sote watano tukauokota, punje kwa punje, mpaka giza, naye akisema anayekanyaga chakula anamkanyaga aliyekufa njaa. Theo alikufa kabla vita haijaisha. Tangu hapo sijakanyaga mchele, na hakuna mtu aliyelelewa nyumbani kwangu aliyekanyaga mchele. Ukidondoka unaacha kila kitu unaokota.

Nililijua fika lile walilokuwa wanalingoja. Nililijua kuliko wao, mimi ndiye niliyemwambia Rennick! Nikasimama pale getini, nikaambiwa na akili yangu, Eudoxie, pita. Kanyaga. Hatua chache tu na mtoto ni wako. Nikanyanyua mguu mzima, ule wa kulia, nikauona utakapotua. Sikuweza.

Nikatua beseni chini, nikainama.

"Yesu na Maria!" akapiga kelele mwanamke mmoja nyuma yangu.

"Mmeona?" Verlyn akapaza sauti kwa furaha. "Mmeona kwa macho yenu? Kweupe, saa tatu asubuhi! Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Rennick! Rennick yuko wapi? Njoo uone shairi lako!"

Rennick alikuwepo, pale uani, kashika kofia yake ya kanisani. Nilimwona na yeye aliniona. Hakusema neno. Mtu mwenye maneno yote yale!

Nikaendelea kuokota. Sitawadanganya kwamba sikulia. Machozi yalikuwa yananidondoka na mgongo ulikuwa unaniuma, na hasira nilizokuwa nazo zingeweza kuchemsha maji ya beseni zima. Lakini kila punje niliyoiona niliitia ndani ya kitambaa, kwa sababu nilishakivua na kukitandaza. Nikamaliza njia ya getini, nikaingia ngazi ya kwanza. Nyuma yangu watu wakaanza kupiga miayo. Nadhani walitegemea nitawaka moto, na bibi anayeokota mchele huchosha kumtazama.

Nilipofika ngazi ya pili Verlyn akashuka hatua moja, akaninyooshea kidole.

"Ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Punje! Umeziokota, sema ziko ngapi. Usijifanye hujui."

Nikanyoosha mgongo taratibu. "Verlyn, mimi sijui ziko ngapi. Nilikuwa naokota chakula."

"Muongo!"

Hapo Ramdeo akakohoa. "Lakini Bi Verlyn," akasema kwa ile sauti yake ya kupimia sukari, "sukuya si lazima ahesabu? Huyu anaokota tu. Hata mke wangu angeokota. Huo mchele umeununua kwangu, ni ule mzuri."

Watu wawili watatu wakacheka, halafu wakajizuia.

"Wewe nyamaza, hujui mila zetu!"

"Nimezaliwa hapa hapa kama wewe, mama."

Verlyn akageuka ili amjibu, na katika kugeuka kwake akaparaza mchele wa kizingitini kwa kandambili. Punje zikarukia ndani, zikasambaa mpaka miguuni pa Marisel.

Marisel aliangalia chini. Mtoto alikuwa amelala juu ya mkono wake wa kushoto. Nilimwona mjukuu wangu anavyotazama zile punje kando ya kidole chake cha mguu, na nikajua kabla hajafanya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akainama na mtoto wake kifuani, akaokota punje moja kwa mkono wa kulia. Akaokota ya pili. Kisha akashuka kitini kabisa, akapiga magoti sakafuni, anaokota na kuweka kwenye mfuko wa gauni.

"Marisel!" Verlyn akasema. "Acha! Watu wanakuona!"

"Waone," Marisel akasema bila kuinua kichwa.

"Watasema na wewe ni..."

"Na waseme, Mama. Bibi alinifundisha hivi kabla sijajua kusoma. Siku tisa nimekaa humu ndani nakusikiliza wewe na nyimbo za redio, nikaanza kumwogopa mtu aliyenilea. Mimi!" Akamgeukia mumewe. "Jevon, mshike mtoto niokote vizuri. Au hapana. Usimshike wewe."

Akainuka, akavuka kizingiti, akaja mpaka ukingo wa baraza. Alipokuwa anatembea alisogeza mchele kwa upande wa mguu, kwa uangalifu, hakukanyaga hata punje moja. Akanyoosha mikono kuelekea ngazini nilipokuwa, akaniwekea Solange kifuani.

Mzito kuliko nilivyotegemea. Ananukia maziwa. Nikakaa papo hapo kwenye ngazi, na Jevon, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ameganda kama nguzo ya baraza, akanichukulia beseni na kwenda kuleta maji ya moto. Marisel akaendelea kuokota kuanzia juu, Ramdeo kuanzia kati.

Nikamwogeshea mtoto pale pale barazani, mbele ya parokia nzima. Nilipomgeuza kumkanda mgongo, lile baka lilikuwa hapo, buluu, ukubwa wa jani la mchungwa. Nikamwinua juu kidogo ili waone.

"Verlyn, sogea hapa. Unaona hili? Miaka ishirini na minane iliyopita ulikuwa umelala chumba hicho hicho, nami nikamwogesha mwanao kwenye beseni hili hili. Jevon alikuwa nalo, tena kubwa kuliko hili. Ukaniuliza ni nini, ukiwa unalia. Nikakwambia litakwisha. Likaisha?"

Verlyn akawatazama watu wa getini.

"Nimekuuliza. Likaisha?"

"Likaisha," akasema, kwa sauti ambayo waliosimama getini hawakuisikia. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

Watu wakaanza kuondoka, kila mtu kakumbuka tena kuku wake. Rennick hakuondoka. Alipanda ngazi, kofia bado mkononi, akachuchumaa karibu yangu.

"Tanti, nitaandika jingine. Kuhusu leo. Nitaandika ulivyoinama pale, na mchele, na—"

"Unitoe mdomoni mwako, Rennick."

"Litakuwa zuri, Tanti. Litakusafisha."

"Mimi si mchafu. Nilikuomba jambo moja, uende redioni useme bibi yule si mimi, kwa maneno makavu, bila vina. Umeenda?"

Hajaenda hadi leo. Ndiyo maana nimesimulia mwenyewe, na jina langu nimeliweka juu kabisa, kabla hajaniwahi.

Mchele ulijaza sufuria. Niliuosha maji saba, maana Verlyn hafagii baraza yake vizuri, nikaupika kwa mbaazi na tui jikoni kwake, huku Solange amelala mgongoni kwangu. Nikampakulia Verlyn wa kwanza, nikakaa mbele yake. Akala. Kila alipodhani amemaliza nilimwonyesha kwa kidole pale palipobaki, na hakuinuka mpaka sahani ilipokuwa tupu.